Begi la Harusi Nililolijaza kwa Pointi za Benki

Mie nasema mapema kabisa kwamba nilijiaibisha, tena mbele za watu, tena Makangale, ambako hata nikienda leo kununua ndizi kuna mtu atamgusa mwenzake bega amwambie "ndiye huyo wa benki," kwa hivyo nyie mnaotaka kucheka anzeni sasa hivi, ili tukifika penye kucheka hasa mbavu ziwe zishazoea.

Kazi yangu mnaijua, nafanya hesabu katika ofisi moja ya miradi hapa Chake, na ugonjwa wangu pia mnaujua: ofa. Mie nikiona mahali pameandikwa nunua viwili upate cha tatu bure, mikono inaniwasha. Kwangu kuna kitanda kimoja na vyandarua vitatu (viwili vingali kwenye maboksi yao, na msiniulize nasubiri nini). Ndugu zangu wakitaka kununua kitu chochote wananipigia simu kwanza, nami kwa kweli nilikuwa naona fahari, najiona ndiye mwanamke wa pekee kisiwa kizima asiyepunjwa.

Sasa benki yangu (jina silitaji, nisije nikaitwa) ilinipa kadi ya mkopo, ile ambayo unanunua leo benki ikalipa, kisha mwisho wa mwezi wewe unairudishia pesa yake. Na kabla hamjanikodolea macho, mie narudisha yote kabla ya siku kufika, sijatoa riba hata senti, hilo lishikeni kwa sababu litaulizwa. Hapa Pemba kadi yenyewe hata pa kuitumia hupaoni, maduka yetu yanataka pesa mkononi, lakini wenzangu ofisini wakisafiri kwenda Unguja au Dar mie ndiye ninayewalipia tiketi za boti na vyumba vya hoteli kwa kadi yangu, ofisi inanirejeshea, na kila nikilipa benki inaniwekea pointi. Basi pointi zikapanda, zikapanda, mie kila nikinywa chai naziangalia kwenye simu, roho yangu baridi.

Na tatizo la pointi, jamani, si kuzipata, ni kuzitoa. Ukizigeuza pesa benki inakupa thamani ya kusikitisha, unaweza kulia. Ukichukua vocha za simu, afadhali kidogo. Chumba cha hoteli ndicho chenye faida hasa, lakini hoteli ziko Dar, na mie Dar nina khalati, ndugu yake Mama, nikilala hoteli nitaelezaje? Vocha ya duka kubwa la vyakula, nzuri, ila duka lenyewe lipo ng'ambo, kwa hivyo kwenda kuitumia nauli tu imeshaila. Nikawa napiga hesabu wiki nzima, ofisini wanadhani nafanya mahesabu ya mradi. Halafu siku moja benki wakaleta ujumbe: mwezi huu ukichagua bidhaa kwenye orodha yao ya zawadi, pointi zako zinahesabiwa mara mbili. Mara mbili! Na zawadi zenyewe wanakuletea mpaka ulipo. Nilipiga makofi peke yangu.

Hapo ndipo anapoingia ndugu yangu Mbarouk. Mbarouk ni mdogo wangu, fundi seremala, mtu mpole sana asiyejua kukataa, na alikuwa amemposa Raya wa Makangale, wazee wameshakubaliana, siku imeshapangwa, kilichobaki ni vitu viwili: nyumba na begi. Nyumba ameijenga mwenyewe pale Wawi, vyumba viwili na ukumbi, kuta zimesimama, lakini juu kweupe, unakaa ukumbini unaona mawingu. Na pesa aliyokuwa nayo ilikuwa inatosha kitu kimoja tu, ama bati ama begi.

Na nyie mnalijua begi. Mahari wanazungumza wanaume barazani, kimyakimya, yanakwisha kwa fatiha. Begi lakini linafunguliwa mbele ya wanawake, ukumbi umejaa, na kitu kimoja kimoja kinatolewa, kinanyanyuliwa juu, kinatajwa jina, kinapigiwa vigelegele, na wanawake waliokaa pale wana kumbukumbu ambazo benki hawana. Hata leo kuna mama hapa mtaani anajulikana kwa viatu vilivyoletwa kwenye begi lake, vyote vya mguu wa kushoto, na sasa ana wajukuu.

Mbarouk akaja kwangu akakaa kitako kwenye ngazi, ananiambia, "Dada, nifanyeje? Nikinunua begi nampeleka ntoto wa watu kwenye nyumba haina paa. Nikiezeka, naenda kwao na begi la mabua."

Nami, kwa ulimi wangu huu huu, nikamwambia, "Mbarouk, weye kaezeke. Begi niachie mie."

"Pesa utapata wapi?"

"Nimekwambia niachie."

Akaniangalia, machozi yanamlenga, akanishika mkono akaubusu. Jamani, mie nilijiona mtu mkubwa siku ile. Alipoondoka tu nikafungua simu nikaanza kuchagua.

Orodha ilikuwa na picha tamu mno. Taulo nene zimekunjwa juu ya kiti cha ukindu, seti ya shuka na foronya rangi ya maziwa, doti za kanga, sabuni na losheni za kunukia, birika la umeme, na kitu kilichoandikwa "vazi la mapumziko," amelivaa mwanamke amekaa kwenye veranda anakunywa kahawa, kitambaa kinameremeta, mie nikasema hili ndilo la kulalia bibi harusi. Chini kabisa ya orodha palikuwa na maandishi madogo madogo, madogo ya kutia uchungu wa macho, nami (mtu wa mahesabu, ninayewagombeza wenzangu kila siku wasome wanachotia sahihi) nikayapita. Nikabonyeza kubali. Pointi zangu zote, za safari zote za wenzangu, zikaisha kwa kidole kimoja.

Maboksi yalishukia bandarini Wesha siku mbili kabla ya kulipeleka begi Makangale. Yamefungwa vizuri, kila kitu ndani ya nailoni nzito ya rangi ya fedha ambayo huoni ndani, na utepe wa dhahabu juu yake, na karatasi ndogo imebandikwa: taulo, shuka, kanga. Mama akayaangalia akasema, "Mwanangu, hebu fungua kimoja tuone."

"Mama! Kitu cha begi kinafunguliwa nyumbani?"

Na hapo, wallahi, mimi nilikuwa sahihi kwa desturi yetu, kwa sababu kwetu kitu cha begi lazima kiende na nailoni yake haijaguswa. Nailoni ikiwa na mkunjo tu watasema hicho kimevaliwa, hicho kaazima kwa jirani, hicho ni cha dada mtu. Nikishafungua nitaifungaje tena ile rangi ya fedha? Mama akasema, "Kimoja tu, kile cha chini, hawatojua." Nikamwambia, "Mama, hawa watu wa Makangale wanajua." Akaenda zake jikoni, lakini alikwenda ile ya kutokubali.

Nikavipanga kwenye begi jekundu la magurudumu alilonunua Mbarouk, tukakodi keri mbili, vile vigari vya abiria, tukajaa mashangazi na majirani na dufu moja, tukaenda kaskazini tunaimba, tukapita msitu wa Ngezi bado tunaimba, mie nimekaa mbele na begi mapajani sitaki liguswe na mtu.

Kwao Raya tulipokewa vizuri mno. Juisi ya ukwaju, halua, sambusa za moto, ukumbi umefukizwa udi mpaka macho yanawasha. Raya mwenyewe hakuwepo, yumo chumbani anasuguliwa singo ya manjano, pazia limeshushwa. Katikati ya mkeka amekaa shangazi yake, Bi Mize. Huyu Bi Mize ni mwanamke mwembamba, kavaa kanga mbili, ana miwani imefungwa uzi nyuma ya shingo, na ndiye anayefungua mabegi yote ya upande ule. Anasalimia kwa adabu hivi, "Karibuni, karibuni wageni wetu, mmetoka salama?" lakini macho yashafika kwenye begi.

"Bismillahi," akasema, akafungua zipu.

Ukumbi wote, "Aaah!" Kwa ile nailoni ya fedha, jamani, ilivyong'aa! Mama akanigusa goti kuniambia umefanya. Kitu cha kwanza ni sabuni na losheni, Bi Mize akararua, akanusa, akanyanyua: "Sabuni za harufu! Losheni za harufu!" Vigelegele. Mie tabasamu linagusa masikio.

Cha pili, taulo. Akararua nailoni, akaishika kwa pembe mbili, akaikung'uta ikafunguka. Katikati ya taulo, kubwa mithili ya sinia la biriani, kuna nembo ya benki. Ngome, na kufuli mlangoni, imeshonwa kwa uzi wa kijani, na jina la benki juu yake kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani.

Kigelegele kimoja kilishaanza, kikakatika njiani.

"Kitu gani kino?" akauliza Bi Mize.

Na hapa, wapenzi wangu, ndipo ningesema kweli. Ningesema kweli pale pale mambo yangekuwa madogo. Lakini ulimi ukanitangulia, nikasema, "Hiyo ni chapa, Bi Mize. Chapa ya kiwanda. Ya Uturuki."

"Ya Uturuki!" Bi Mize akageukia ukumbi. "Taulo la Uturuki!" Vigelegele vikarudi, na zaidi ya mwanzo, na mie jasho lishaanza kunitoka chini ya buibui, kwa sababu nimeshaelewa, na begi bado lina vitu vinne, na vyote vimefungwa nailoni ile ile.

Mama akaniinamia. "Hiyo si benki yako?"

"Mama, nyamaza."

Shuka ikafunguliwa. Shuka yenyewe safi, nyeupe, haina neno, nikashusha pumzi. Kisha foronya. Foronya ya kwanza imeandikwa, kwa herufi za kupendeza, "Tupo nawe usiku na mchana." Foronya ya pili imeandikwa namba ya simu ya huduma kwa wateja.

Nyie mnacheka. Mie nilitamani mkeka ufunguke unimeze. Bibi mmoja mzee aliyekaa pembeni akauliza kwa sauti, kwa wasiwasi wa kweli kabisa, "Nani huyo atakayekuwa nao usiku na mchana?" Na wasichana waliokaa mlangoni wameanza kujiziba midomo kwa mitandio.

Bi Mize hakucheka. Alivaa miwani vizuri, akatoa kanga. Kanga, nyie mnajua, haitoki bure, kanga ikifunguliwa kwenye begi jina lake linasomwa kwa sauti, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo upande wa mwanamume unamwambia bibi harusi, na mtu anazunguka maduka ya Chake kutwa nzima kutafuta doti yenye neno zuri la mapenzi. Mie kanga zangu nilichagua kwa picha, maua ya zambarau. Bi Mize akaikunjua, akainua, akasoma polepole, neno moja moja:

"Kopa. Leo. Lipa. Kidogo. Kidogo." Akasogeza jicho karibu. "Na hapa chini pameandikwa: vigezo na masharti kuzingatiwa."

Mpiga dufu wetu akageuka kuniangalia.

"Hilo ndilo neno mnalomwambia Raya wetu?" akaniuliza.

"Bi Mize, hebu nikueleze..."

"Ngoja," akasema, na mkono wake umeshaingia ndani ya begi, umeshatoa birika umeliweka dirishani, umeshatoa lile vazi la mapumziko, umeshararua. Halikuwa la kumeremeta. Lilikuwa joho la taulo, zito, la kijani, lenye kofia, la kumfaa mtu anayeishi kwenye theluji, na Bi Mize alipoligeuza mgongoni mwake limeandikwa kwa herufi za dhahabu: MTEJA BORA WA MWAKA.

Akawaonyesha wa kulia, akawaonyesha wa kushoto. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na ile ya chini ndiyo iliyonimaliza, "Raya anakuja kwenu kuwa nke au kuwa nteja?"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka watu wa kwao, wakacheka na wa kwetu, mpiga dufu wetu alicheka mpaka dufu likamtoka mkononi likaviringika. Binti mmoja akasema, "Lakini hii benki naijua mie, iko pale mjini Chake, Uturuki gani?" Basi na Uturuki wangu ukaishia hapo. Sikuwa tena na pa kujificha, nikasema kweli yote, nikisema naangalia mkeka.

"Ni vitu vya pointi, Bi Mize."

"Pointi kitu gani?"

Sasa eleza pointi, kwenye ukumbi wa harusi, umezungukwa. Nikasema kila nikilipa kwa kadi benki inaniwekea kitu, na vikijaa wanakupa zawadi.

"Kwa hivyo vya bure."

"Si vya bure hasa, mtu unakuwa umeshalipa..."

"Umelipa weye?"

"Nalipia tiketi za wenzangu, kisha ofisi inanirejeshea."

"Kwa hivyo kalipa ofisi." Akageukia ukumbi. "Jamani, mwenye kuoa ni Mbarouk au ofisi?"

Na hapo mmoja akataja riba. Niliwaambia litaulizwa. Mkopo, kadi, benki, riba, minong'ono ikazunguka ukumbi haraka kuliko sambusa, na Bi Mize akafungua dirisha akamwita kaka yake, Maalim Juma, baba yake Raya, aliyekuwa barazani na wanaume. "Maalim! Kitu mtu kapewa na benki kwa sababu ya kadi ya mkopo, kinafaa?"

Nami nikapiga kelele kutoka ndani, aibu sina tena, "Maalim, sijalipa riba hata senti! Narudisha yote kabla ya siku!"

Maalim akasogea dirishani, akaliona birika. "Hilo nitalisoma kwanza," akasema, "nisije nikasema nisilolijua. Lakini hilo birika linafanya kazi? Maana chai huku hatujaiona tangu mfike."

Wanaume wakacheka barazani. Bi Mize akalifunga dirisha kwa nguvu. Akarudi kwenye mkeka, akaanza kukunja vitu, taulo, foronya, kanga, joho, anavirejesha kimoja kimoja ndani ya begi, taratibu, na Mama macho hayabanduki kwenye begi. Kwa sababu utani ulikuwa umekwisha. Begi likirudishwa kwetu ndiyo harusi imerudishwa, hakuna anayelisema lakini kila mtu analijua.

"Bi Mariyamu," Bi Mize akamwambia Mama, kwa heshima kabisa, "sisi hatukutaka makubwa. Mngeleta sabuni moja na kanga moja, alizozinunua mwenyewe Mbarouk kwa mkono wake, tungepiga vigelegele. Lakini mwana wetu haolewi kwa makombo ya benki. Rudini nalo."

Mama akalia. Mama yangu, mtu ambaye hata kwenye msiba anajizuia, alilia pale mkekani mbele ya wale wanawake, na sababu ni mimi na ofa zangu. Nimeona mengi, lakini lile halinitoki.

Pazia likafunguka. Raya akatoka.

Bibi harusi hatoki, mnajua. Alitoka na uso wote wa njano, singo mpaka masikioni, kanga imefungwa kifuani, nywele zimesimama, wanawake wakapiga yowe, "Weee! Rudi ndani!" Hakurudi. Akaja mpaka mbele yangu.

"Wifi, nakuuliza. Mbarouk alikuwa na pesa ya begi. Iko wapi?"

"Juu ya nyumba," nikasema. "Kaezeka."

"Yote?"

"Yote. Mie ndiye niliyemwambia begi aniachie. Yeye hajui kitu, hajui habari ya pointi, hajui kilichomo humu. Hana kosa lolote, Raya. Kosa langu."

Akanyoosha kidole kwenye simu yangu. "Mpigie. Mwambie weye, sasa hivi, hapa, sote tusikie."

Nikapiga. Nikaweka sauti ya juu. Simu ikaita, ikaita, ikapokewa, na kwanza tukasikia nyundo, ta, ta, ta, kisha Mbarouk anahema, "Dada! Wamelipokea?"

Nikamwambia. Sikumbuki kwa maneno gani, najua nilisema benki, nikasema matangazo, nikasema joho, nikasema Mama analia na mie nimekutia aibu, nisamehe. Nyundo ilikuwa imenyamaza.

"Raya yupo?" Mbarouk akauliza.

"Nipo," Raya akasema.

"Raya, unisamehe. Mie nashuka juu ya paa sasa hivi. Bati nyingine hata sijazipigilia, aliyeniuzia nitamwomba azichukue, na hizi za juu nazing'oa jioni hii. Kesho kutwa naleta begi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mwambie shangazi anisubiri hiyo kesho kutwa tu."

Na mie namjua ndugu yangu, angezing'oa. Ule upole wake angezing'oa moja moja akiimba.

Raya aliipokonya simu mkononi mwangu. "Thubutu!" akasema. "Mbarouk, weye ukigusa bati moja, moja tu, mie siolewi! Umesikia? Nitakwenda kulala ndani ya pafyumu mie mvua ikinya? Rudi juu upigilie!"

Tukamsikia anapanda ngazi. Kisha tukasikia nyundo. Ta, ta, ta.

Sijui kigelegele cha kwanza kilitoka kwa nani, nadhani yule bibi mzee wa pembeni, lakini kilipotoka vilifuata vyote, vya kwao na vya kwetu, udi na vumbi na singo, Mama anacheka na machozi hayajakauka, mpiga dufu anatafuta dufu lake chini ya viti. Bi Mize alisimama katikati na begi mkononi, ameshindwa, akasema tu, "Haya, bibi harusi kashasema mwenyewe, siku hizi hakuna tena haja ya mashangazi," akaliweka begi chini upande wao. Limepokewa.

Ila mie hakuniachia. Alinitoza faini pale pale, na faini yenyewe ilikuwa nivae lile joho, kofia kichwani, kwa shughuli yote iliyobaki, na nihudumie chai barazani kwa wanaume. Nikavaa. Jua la Makangale mnalijua, na joho ni la taulo. Nilipomfikishia Maalim Juma kikombe chake (kwa maji ya birika lile lile, linachemka upesi, hilo nalisema bila aibu) aliinua kichwa akasoma mgongo wangu nilipogeuka, akasema, "Mashallah, hongera." Kisha nikaenda madukani Chake na Bi Mize mwenyewe wiki ile ile, kwa mshahara wangu, tukanunua doti za kanga na viatu na pafyumu alizochagua yeye, na nilipofungua mdomo kuuliza kama ukichukua doti tatu kuna punguzo, aliniangalia tu, nikaufunga.

Harusi ilikuwa nzuri. Raya ana kichanga sasa, na taulo la ngome ndilo anamfutia, anasema halichakai. Mbarouk hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, angenigombeza kidogo ningepumua.

Pointi zimeanza kujaa tena, watu hawaachi kusafiri, na nimeapa mbele ya Mama: zikijaa nazigeuza pesa, kwa thamani ile ile ya kusikitisha, nailia, basi. Ubahili wangu utabaki ndani ya nyumba yangu na vyandarua vyangu. Furaha ya mtu mwengine sitaitafutia ofa tena, nitanunua dukani, kwa bei ya dukani, nitalipa chote bila kuuliza, na mwenye duka akinipunguzia mwenyewe nitakataa.

Haya, kama ni nusu bei nitafikiri.